Panya wa Ghalani na Homa ya Lassa

Msimu uliopita wa mavuno nilikuwa kwa mkulima mmoja mzee katika sehemu za Trans Nzoia, tukitazama mahindi yake. Ghala lake lilipendeza kwa macho. Nguzo zilikuwa imara, paa lilikuwa la mabati, na magunia yalipangwa vizuri mpaka juu. Lakini mzee alipovuta gunia moja la chini, panya saba au wanane walitoka mbio, wakapita kati ya miguu yetu, na mmoja akakimbilia jikoni kwa mama. Mzee akacheka. Akasema, "Hawa ni wageni wangu wa kila mwaka, bwana. Wao wanakula kidogo, mimi nakula kingi."

Nikamwuliza, "Na kule jikoni, Mzee, wanakula nini?"

Mama mwenye nyumba ndiye aliyejibu. "Wanakula ugali uliobaki, wanakojoa katika unga, na usiku wanapita juu ya watoto waliolala. Mimi nimesema mpaka nimechoka."

Maneno ya mama huyo ndiyo yaliyonifanya niandike habari hii. Hasara ya panya sote twaijua, maana kila mkulima amepata kufungua gunia akakuta pumba na mavi ya panya tu. Lakini mkojo wa panya katika unga ni jambo jingine. Katika nchi kadha wa kadha za Afrika ya Magharibi mkojo huo huua watu kila mwaka. Ugonjwa wenyewe huitwa Homa ya Lassa.

Kwanza niseme wazi, msomaji asije akashikwa na hofu bure. Homa ya Lassa si ugonjwa wa Kenya. Makao yake ni Nigeria, Sierra Leone, Liberia, Guinea na nchi jirani zao. Lakini panya anayeubeba kule, wa jina hilohilo, yuko hapa kwetu pia, katika mashamba na maghala yetu. Kwa hiyo yafaa tuwatazame wenzetu tujue limewapata jambo gani, na wao wanajikinga vipi.

JINSI ILIVYOJULIKANA

Lassa ni mji mdogo katika Jimbo la Borno, kaskazini-mashariki ya Nigeria. Mwezi wa Januari 1969 nesi mmoja Mmarekani, jina lake Laura Wine, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni mjini hapo, alishikwa na homa na maumivu ya koo. Dawa alizopewa hazikumsaidia. Alipozidiwa alipelekwa kwa ndege mpaka hospitali ya Jos, na huko akafa. Nesi aliyemwuguza Jos, Charlotte Shaw, akashikwa naye, akafa. Wa tatu, Lily Pinneo, aliyewahudumia wenzake hao, alianza kuugua vilevile. Huyo alisafirishwa mpaka New York, akaugua kwa majuma mengi, lakini Mungu akamjalia akapona.

Damu ya wagonjwa hao ilipelekwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na huko wataalamu wakagundua vijidudu vipya vya namna ya virusi, yaani vile vidogo kabisa visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Wakaviita kwa jina la mji wa Lassa. Mmoja wa wataalamu hao, Jordi Casals, aliambukizwa kazini. Alitiwa maji ya damu ya yule nesi Pinneo aliyepona, na yeye akapona. Mwisho wa mwaka huohuo wa 1969 mfanyakazi mwingine wa maabara za Yale alikufa kwa homa hiyo, na chuo kikaacha kazi ya virusi hivyo vikiwa hai. Na mwaka wa 1970 Daktari Jeanette Troup wa Jos, aliyewatibu wagonjwa wa kwanza, alijikata alipokuwa akipasua maiti ili kutafuta sababu ya kifo. Naye akafa.

Nimezieleza habari hizi kwa urefu kwa sababu zina jambo lililowapoteza watu kwa muda. Waliojulikana kwanza walikuwa manesi na madaktari, na kwa hiyo ilidhaniwa kwamba huu ni ugonjwa wa hospitali. Lakini hospitali haizai virusi. Mgonjwa wa kwanza ameupata wapi? Jibu lilitoka Sierra Leone. Ugonjwa ulipotokea huko mwaka wa 1972, upande wa Panguma na Tongo, wataalamu walitega wanyama wadogo wa kila namna ndani ya nyumba za wagonjwa na kandokando yake, wakawapima. Virusi vikaonekana katika panya wa namna moja. Hakuwa mnyama wa mwituni. Alikuwa ni yule anayelala chini ya magunia ya mpunga.

PANYA MWENYEWE

Wataalamu humwita Mastomys natalensis. Ni panya wa kadiri, mgongo wake ni wa rangi ya udongo au kijivu, na tumbo lake ni jeupe kidogo. Ukitaka kumtambua kwa hakika, mtazame jike. Panya wa kawaida wa majumbani ana matiti 10 au 12, lakini huyu aweza kuwa na matiti hata 24. Mungu hakumpa matiti hayo kwa mapambo. Hubeba mimba kwa majuma matatu na siku chache tu, na aweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Mkulima anayesema, "Ni panya wawili tu," na asubiri miezi michache ahesabu tena.

Panya huyu hukaa shambani na hukaa nyumbani pia, huenda na kurudi. Mahindi yakiwa shambani, yuko shambani. Mavuno yakiingia ndani, yeye huyafuata. Ndiyo sababu kule Afrika ya Magharibi wagonjwa wengi huonekana katika majira ya kiangazi, tangu Desemba mpaka Aprili, wakati mashamba yamekauka, nyasi zimechomwa moto, na chakula chote kiko nyumbani.

Ajabu moja ni kwamba panya mwenyewe haonekani kuugua. Anakula vizuri, anazaa vizuri, na huku anatoa virusi katika mkojo na mavi yake kwa muda mrefu. Kwa hiyo usidhani kwamba panya mwenye afya hana neno.

Virusi humwingia mtu kwa njia nyingi. Aweza kula chakula kilichokojolewa, au kunywa katika chombo kilichopitiwa na panya usiku. Aweza kushika uchafu huo akiwa na jeraha mkononi. Aweza kufagia stoo iliyojaa mavi makavu, vumbi likapanda, akalivuta puani. Na wako watu wanaowinda panya na kuwala, na hao huambukizwa wanapomkamata, kumchuna na kumpasua. Hata upande wetu wa Afrika ya Mashariki wako wanaomla panya wa shamba, na sina sababu ya kuwacheka. Nyama ni nyama. Lakini hatari kubwa iko mikononi mwa yule anayemtengeneza kabla hajafika motoni.

Katika nchi ya Nigeria watu wengi hula unga wa muhogo uitwao gari, na ni desturi kuuanika au kuuacha wazi ukauke. Wakuu wa afya wa nchi hiyo kila mwaka huwasihi watu wafunike vyakula vyao na kuviweka katika vyombo vyenye vifuniko. Si neno gumu, lakini mtu asiye na chombo chenye kifuniko amwekee nani? Hapo ndipo umaskini na ugonjwa vinapokutana.

DALILI ZAKE

Tangu kuambukizwa mpaka kuugua huwa siku 2 hata 21. Katika kila watu 10 walioambukizwa, karibu 8 hawaumwi sana, au hawajui hata kidogo kwamba wameupata. Wengine 2 ndio wanaougua kwa shida. Huanza polepole kwa homa na uchovu, kisha kichwa huuma, koo huuma, kifua na tumbo huuma, na mgonjwa hutapika na kuharisha. Mtu wa kwetu angesema, "Hii ni malaria," na mtu wa Nigeria husema vivyo hivyo. Siku zinapita. Wale wanaozidiwa huvimba uso, na damu hutoka kinywani, puani au njia nyingine, na mwili hupoteza nguvu zote. Wanaokufa kwa kawaida hufa kabla ya siku 14 tangu kuanza kuugua.

Shirika la Afya Ulimwenguni husema kwamba katika wote walioambukizwa ni 1 hivi kwa 100 wanaokufa, lakini katika wagonjwa waliozidiwa mpaka wakalazwa hospitali hufa 15 hivi kwa 100. Mama mwenye mimba kubwa ndiye aliye katika hatari kupita wote. Katika miezi mitatu ya mwisho, zaidi ya 80 katika kila mimba 100 huishia kwa kufa mama au mtoto, au wote wawili.

Na aliyepona hakuondoka bure. Robo ya waliougua huwa viziwi, wengine sikio moja, wengine yote mawili. Nusu yao husikia tena kidogo baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu, na waliobaki hawasikii tena. Kwa mkulima kijana au mwanafunzi hili si jambo dogo.

Mtu humwambukiza mtu mwenzake pia, kwa damu, mkojo, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Kusalimiana na kukaa pamoja hakuambukizi. Wanaoambukizwa ni wale wanaomsafisha mgonjwa, wanaofua nguo zake, wanaoosha maiti, na wauguzi wasio na glavu. Daktari Aniru Conteh wa Kenema, Sierra Leone, aliyewatibu wagonjwa wa Lassa kwa miaka mingi, alijichoma sindano alipokuwa akimtoa mgonjwa damu, akafa Aprili 2004.

Dawa iko, nayo ni ribavirini. Mwaka wa 1986 madaktari waliofanya kazi Sierra Leone walieleza kwamba iliwaokoa wengi walioanza kuipata katika siku 6 za kwanza za ugonjwa. Aliyechelewa hakufaidiwa sana. Chanjo iliyokubaliwa kwa matumizi ya watu wote haijapatikana mpaka sasa, ingawa zipo zinazojaribiwa.

MJI ULIOOKOLEWA KWA MITEGO

Homa ya Lassa ina ndugu zake katika Amerika ya Kusini, nao pia hubebwa na panya. Habari ya mmoja wao yafaa isikiwe na wakulima, kwa sababu hapo dawa ya ugonjwa ilitoka kwa fundi wa mitego.

Katika nchi ya Bolivia uko mji mdogo uitwao San Joaquín, kati ya nchi ya malisho na mashamba. Kati ya mwaka 1962 na 1964 homa ya kutoka damu iliingia mjini humo ikaua watu zaidi ya 100. Kwa mji mdogo namna hiyo, hapakuwa na mtaa usio na matanga. Wataalamu walikuja, na mmoja wao, Karl Johnson, akaugua homa hiyohiyo, akapona. Mwaka wa 1963 virusi vyenyewe vilipatikana, vikaitwa Machupo kwa jina la mto wa hapo. Ikaonekana kwamba hubebwa na panya mdogo wa mashambani aliyekuwa amehamia ndani ya nyumba.

Kwa nini alihamia? Paka wa mji walikuwa wamekufa karibu wote. Wako wanaosema kwamba walikufa kwa dawa ya DDT, iliyokuwa ikipulizwa majumbani kupigana na malaria. Kwa vyovyote vile, mji usio na paka ulijaa panya. Basi mwaka wa 1964 mitego ikagawanywa nyumba kwa nyumba, na panya wakakamatwa kwa maelfu. Baada ya majuma machache wagonjwa wapya hawakuonekana tena. Ugonjwa ukakoma.

Lakini mkulima asikimbilie dukani kununua mitego akadhani amemaliza. Katika vijiji vya Guinea wataalamu wamejaribu kuwaua panya wa majumbani kwa sumu mwaka baada ya mwaka. Panya walipungua sana, halafu miezi michache ikipita walikuwa wamerudi, kwa kuwa wenzao wengi walikuwa shambani wakingoja nafasi. Mtego ni mzuri. Lakini ikiwa chakula bado kiko wazi, mtego unafungua mlango kwa panya wa kesho.

NA KWETU JE?

Wataalamu wa Tanzania, hasa wale wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro, wamemchunguza panya huyu wa matiti mengi kwa miaka mingi. Mwaka wa 2009 ilitangazwa kwamba panya wa Morogoro wana virusi vyao, ndugu wa vile vya Lassa, vikaitwa virusi vya Morogoro. Hakuna mtu aliyejulikana kuugua kwa virusi hivyo. Habari hiyo ni ya kutuliza moyo, lakini yaonyesha pia kwamba panya wetu si mwizi wa mahindi tu.

Wazee wa Kenya hawana haja ya kufundishwa jinsi panya wanavyoweza kuongezeka. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 1961, mwaka wa 1962 panya walitapakaa katika sehemu za kilimo za nchi hii wakaharibu ngano, shayiri na mahindi mashambani. Mvua ikinyesha kupita kawaida, majani yakawa mengi na mbegu nyingi, mkulima na ajue kwamba panya nao wanapata mavuno yao.

Liko jambo jingine la kukumbuka, nalo ni safari. Siku hizi ndege huondoka Nairobi asubuhi na kufika Afrika ya Magharibi siku hiyohiyo. Askari wa Kenya wamepata kutumika Sierra Leone chini ya Umoja wa Mataifa, na Jenerali wetu Daniel Opande aliliongoza jeshi hilo. Wafanyabiashara na wahubiri huenda na kurudi. Mwaka wa 2022 watu watatu wa jamaa moja walionekana na Homa ya Lassa katika Uingereza, nayo ilitokana na safari ya Mali. Basi kama mtu wa kwako amerudi kutoka huko na akapata homa kabla ya siku 21 kwisha, asinywe dawa ya malaria nyumbani akangoja. Aende hospitali, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe nchi aliyotoka. Daktari asipoambiwa hatajua, na wauguzi watamshika bila kinga.

TULIYOYAFANYA KWA MZEE

Baada ya kusikia habari hizi yule mama wa Trans Nzoia alimtazama mzee bila kusema neno. Mzee akakohoa, akauliza, "Sasa tufanyeje, bwana?"

Tulianza jikoni, kwa sababu ndiko kuliko na watoto. Unga ukahamishwa kutoka katika gunia ukatiwa katika debe lenye kifuniko. Gunia ni nguo tu kwa meno ya panya, na hata ile mifuko mipya ya plastiki isiyopitisha hewa, ambayo ni mizuri sana kwa kuzuia dumuzi, panya huitoboa. Bati hawezi. Sufuria zikafuliwa, zikafunikwa zikielekea chini. Ugali uliobaki usilale wazi.

Kisha stoo ya zamani iliyojaa mavi ya panya. Kijana wa nyumba hiyo alishika ufagio, nami nikamzuia. Tukafungua mlango na dirisha, tukangoja nusu saa hewa ipite. Tukachanganya kipimo 1 cha dawa ya klorini ya kufulia na vipimo 9 vya maji, tukanyunyizia uchafu wote mpaka ukalowa, tukauacha dakika 5. Hapo tena ukaokotwa kwa kitambaa, kijana akiwa amevaa glavu za mpira, ukafukiwa. Vumbi halikupanda. Panya aliyekufa naye hufanyiwa hivyohivyo, wala hashikwi mkiani kwa mkono mtupu na kutupwa kwa mbwa, kama tulivyozoea.

Ghala ndilo lililotuchukua siku nzima. Nguzo zake zilikuwa za kutosha, maana sakafu yake ilikuwa zaidi ya mita 1 kutoka ardhini, lakini hazikuwa na kinga. Tukakata mabati makuukuu tukayakunja mfano wa pia iliyofunguka chini, tukaifunga kila nguzo moja karibu na sakafu, pasiwe na nafasi ya kupenya. Panya akipanda hufika kwenye bati, hakuna pa kushika, hurudi. Ngazi ikaondolewa, nayo itawekwa tu wakati wa kazi. Magunzi na majani yaliyorundikwa chini ya ghala yakachukuliwa yote. Mama akaleta paka kutoka kwa jirani, na mitego minne ikategwa ndani kwa ajili ya wale waliokuwa wamekwisha kuingia.

Nilipita tena pale baada ya majuma sita. Mzee alinipeleka ghalani moja kwa moja kabla ya chai. Mitego ilikuwa imekamata panya wengi juma la kwanza, kisha mmoja mmoja, kisha hakuna. Lakini siku mbili kabla sijafika alikuwa ameona mavi mabichi juu ya gunia, akakasirika sana na mabati yangu. Tukazunguka ghala mara mbili tukitafuta. Nguzo zote zilikuwa salama. Ndipo mama akanyosha kidole juu. Tawi la mpera lilikuwa limekua tangu mvua zile, likaegemea paa.

Mzee akaenda kutafuta panga.